Marika Mawili Katika Darasa la Kilatini

Siku ya chai ya kuniaga, mwalimu mmoja kijana, nadhani alikuwa kwenye kikombe cha tatu, aliniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, hivi uliwezaje kuwafundisha watoto wa wafugaji Kilatini miaka yote ile bila kukimbiwa?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana sikuwa na nguvu ya kusema pale kwamba nilikimbiwa, tena nilibakiwa na watoto wanne tu. Sasa nimestaafu, nina muda, na kahawa yangu shambani haijaiva. Basi nawaandikia ninyi mnaoshika chaki baada yangu. Habari za vyeo nitaziruka kwa kuwa ni fupi, na za mshahara kwa kuwa zinasikitisha.

Mimi ni Mchagga wa Kibosho. Nilisoma seminari ndogo miaka sita, kisha nikatoka. Sikufukuzwa, jamani, msije mkasema. Padre mlezi aliniambia kwa upole kwamba mtu anayeandika jina la binti mmoja pembeni mwa kila daftari huenda ana wito mwingine. Alisema kweli, na huyo binti ndiye mama wa watoto wangu hadi leo. Lakini nikajikuta nina Kilatini tele kichwani na sina pa kukipeleka, mpaka Padre Leo aliponiita.

Padre Leo alikuwa mkuu wa misheni yetu ndogo magharibi ya mlima Meru, kwa Waarusha. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye ndevu zenye harufu ya tumbaku, na Kiswahili chake alikijenga mwenyewe, bila fundi. Alikuwa na hamu moja: apeleke vijana wa upande ule seminari, kwa sababu toka misheni ianze hakuwa ameenda hata mmoja. Seminari haikupokea mtu asiyejua mwanzo wa Kilatini. Wakubwa wake wakampa ruhusa ya kufungua darasa moja, kwa kujaribu, na kila mwaka mkaguzi angekuja kuona kama linafaa. Hii ilikuwa zamani za Waingereza, kabla ya vita vya Hitla.

Nilishuka lori Arusha mjini asubuhi, nikajitwika sanduku langu na kupanda kwa miguu hadi misheni. Padre Leo alinipokea kwa mikono miwili na kunikabidhi mali ya darasa. Kulikuwa na vibao vya mawe kumi na viwili, viwili vikiwa vimepasuka. Kulikuwa na boksi la chaki, ambazo tulikata kila moja vipande vitatu kwa kisu. Ubao ulikuwa mbao tatu zilizopigiliwa pamoja, nasi tuliupaka masizi yaliyopondwa na majani ya viazi. Na kulikuwa na kamusi moja ya Kilatini iliyoliwa na mchwa kuanzia herufi S mpaka mwisho. Miaka miwili nilifundisha lugha ya Warumi bila mwisho wa alfabeti, na naona Warumi hawakulalamika.

Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Saba walikuwa vijana wa Kiarusha waliotoka jandoni pamoja, rika moja, morani wapya, warefu, wenye macho makali. Baba zao walikuwa wamewatoa kwa shingo upande, baada ya Padre Leo kuwatembelea mara nyingi mpaka wakamchoka. Wanne waliobaki walikuwa watoto wadogo, wale ambao Waarusha huwaita layoni, yaani wasiotahiriwa bado. Mdogo kuliko wote alikuwa Yusufu, Mmeru aliyekuja kutoka Usa River, ambako baba yake alikuwa mchuma kahawa kwenye shamba la setla. Mkubwa wa wale saba alikuwa Lemali. Alipokaa, wenzake walikaa. Alipopiga miayo, walipiga.

Siku ya kwanza niliingia nikiwa nimenyoa, nimefunga tai, nikaanza kwa majina ya vitu. Lemali akainua mkono.

"Mwalimu, Kilatini kinasemwa nchi gani?"

"Hakisemwi nchi yoyote," nikamjibu. "Ni lugha ya Kanisa, na ya Warumi wa kale."

"Hao Warumi wako wapi?"

"Walikufa zamani."

Akafikiri kidogo. "Sasa tutamsemesha nani?"

Darasa likaangua kicheko. Nikawaambia watamsemesha Mungu. Lemali akasema, kwa adabu kabisa, kwamba bibi yake humsemesha Mungu kila asubuhi kwa Kimasai na mvua hunyesha. Nilirudi kwenye majina ya vitu.

Nataka mwelewe kwamba hawakuwa wazito. Lemali aliweza kutazama ng'ombe mia wa watu watatu waliochanganyika malishoni na kuwatenga bila kukosea mmoja, na kumtaja kila ng'ombe kwa rangi yake, mama yake na mahali alipotoka. Kichwa cha namna hiyo hakishindwi na orodha ya maneno. Walikuwa hawataki, basi. Waliandika nilichoandika, wakafuta nilichofuta, na macho yao yalikuwa mlimani. Miezi miwili nilifundisha ukuta.

Ndipo nikafanya kosa langu kubwa, na nililifanya kwa kujiona mwerevu. Kule seminari tulikuwa na mchezo wa kupandana. Wanafunzi hukaa kwenye benchi kwa mstari, mwalimu anauliza, akishindwa wa juu na akajibu wa chini yake, wanabadilishana nafasi. Sisi Wachagga tuliupenda mno. Tulisoma kwa mwanga wa mkaa ili kesho tumshushe mtu. Nikasema, hii ndiyo dawa, itawaamsha hawa.

Kweli iliwaamsha. Nilimuuliza Lemali, aliyekaa juu kabisa, neno moja dogo. Akakosea. Nikamuuliza anayefuata, akatazama chini. Nikashuka benchi lote la morani, wote kimya, mpaka nikafika kwa Yusufu mwishoni, naye akajibu kwa sauti yake nyembamba, barabara. Nikapiga makofi. "Hongera, Yusufu! Njoo ukae juu. Lemali, shuka chini."

Yusufu hakusogea. Nilidhani ana haya, nikamshika mkono nikampeleka mwenyewe na kumkalisha juu ya morani saba. Lemali akasimama. Aliweka kibao chake juu ya meza yangu taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, akatoka. Wale sita wakafuata mmoja mmoja. Vibao saba juu ya meza, na mimi na chaki yangu mkononi, nikiwa bado natabasamu kwa kutoelewa.

Padre Leo alipopata habari alikaa kwenye ngazi ya kanisa na kushika kichwa. "Mwalimu, umemkalisha layoni juu ya morani?"

"Ni mchezo tu, Padre."

"Mchezo wa Kibosho!" akasema. Hakuwa amewahi kunifokea kabla ya hapo. Akanieleza hatari iliyokuwa mbele yetu, na nawaeleza ninyi pia. Mkaguzi alikuwa anakuja mwisho wa mwaka. Akikuta wanafunzi wanne, darasa linafungwa. Likifungwa, halifunguliwi tena, na hakuna mtoto wa upande ule atakayeingia seminari labda mpaka Padre Leo azikwe. Mimi ningerudishwa shule ya kijijini kufundisha a, e, i, o, u. Hilo la mwisho liliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Nikaamua kwenda mwenyewe kwa baba yake Lemali kuomba radhi. Sasa tazameni ujinga wa mtu msomi. Kwetu Uchaggani, ukimkosea mtu sana, unampelekea jani la isale. Akilipokea, kesi imekwisha, hata kama ulimchomea nyumba. Mke wangu alikuwa amepanda isale pembeni ya nyumba ya mwalimu, kwa kukumbuka kwao. Nikakata jani zuri, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikapanda kilima nalo nikiwa nimelishika kwa mikono miwili.

Mzee alikuwa zizini. Nilimwamkia, nikapiga goti, nikamnyooshea jani. Akalitazama. Akaligeuza. Akamwita mke wake, naye akalitazama.

"Mwalimu," mzee akasema, "hili ni la kufungia ndizi?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwetu ni jani la msamaha, halikataliwi. Mzee alinisikiliza kwa makini, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka. "Wewe Mchagga wewe! Unaomba msamaha kwa lugha nisiyoijua, na mwanangu unamfundisha lugha isiyo na mwenyewe. Toka nje ya zizi. Kata majani haya ya kawaida, yanayoliwa na ng'ombe. Kwetu hayo ndiyo ya amani. Uyashike mkononi, uingie tena."

Nikatoka. Nikang'oa majani mabichi, nikaingia nayo. Safari hii hakucheka. Akasimama, akapokea majani, na Lemali akaitwa kutoka alikokuwa. Nikasema mbele yake kwamba nilimvunjia heshima, sikujua, na sitarudia. Kijana akainamisha kichwa mbele yangu, nami nikamgusa utosini, ndivyo wanavyoamkia wakubwa. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, na nilishukuru kwamba nyumba ile ilikuwa na subira kuliko mimi.

Tulipewa maziwa. Mzee akanipa na somo ambalo seminari haikunipa. "Kwetu layoni hamkosoi morani mbele ya watu," akasema. "Hata akijua. Lakini marika mawili yakishindana, ah, hapo hata chakula kinasahauliwa. Na rika haliropoki. Linakaa pembeni, linanong'ona, halafu msemaji wake, laigwanani, anasimama na kusema kwa niaba ya wote. Akikosea, wamekosea wote. Nani atamcheka nani?"

Jumatatu wote saba walirudi. Niliyaondoa mabenchi, nikaligawa darasa pande mbili, morani upande mmoja na wadogo upande wa pili, kila upande na msemaji wake. Swali likitoka, wanakwenda pembeni kunong'ona, kisha msemaji anasimama. Morani walimchagua Lemali. Wadogo walimchagua Yusufu.

Na maswali niliyabadilisha. Niliacha kuuliza majina ya mashoka na mikuki ya watu waliokufa, nikaanza kuwapa kesi. Ng'ombe wa upande huu ameingia shambani na kula maharage ya upande ule. Maji ya mfereji yalikuwa zamu ya nani? Kila upande ujitetee, kwa Kilatini tu. Anayeingiza Kiswahili amejimaliza mwenyewe. Wapenzi wangu, mngesikia darasa lile! "Vacca tua fabas meas comedit!" Ng'ombe wako amekula maharage yangu! Na upande wa pili kwa hasira: si ng'ombe wangu, ni mbuzi wako! Walikuwa wananifuata mpaka nyumbani kuniuliza Kilatini cha zizi, cha mfereji, cha fisi, cha mtu mwongo. Kwa maneno ya kuanzia S kwenda mbele nilimwendea Padre Leo, naye alikuwa akija mwenyewe kusikiliza kesi, anasimama mlangoni na kiko chake kimezimika.

Jambo jingine lilitokea ambalo sikulipanga. Jioni, wakichunga, Lemali alikuwa anamwita Yusufu mbali na watu na kumuuliza maneno. Kule malishoni, wawili tu, haikuwa aibu. Na Yusufu, kwa malipo, alifundishwa kurusha rungu. Nilijua, nikajifanya sijui. Mwalimu anayejua kila kitu anaharibu mengi.

Mkaguzi akaja. Alikuwa padre mgeni, mtu wa mbali, Kiswahili chake safi na saa yake mkononi anaitazama mara kwa mara. Nilimweleza mapema jinsi tunavyofanya, kwamba wanajibu kwa pande, kwa msemaji. Akaniambia, "Mbinguni kila mtu atajibu peke yake, Mwalimu, na kwangu pia." Nilipaswa kubishana naye pale pale. Sikubishana. Alikuwa mkaguzi na mimi nilikuwa na watoto wawili wa kulisha, na hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo.

Akamwinua Lemali kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mrefu. Akampa sentensi ya kufasiri. Lemali alianza vizuri, akafika katikati, neno moja likamkwama. Nikaona shingo yake inavimba. Mkaguzi hakungoja. Akamwonyesha Yusufu kidole. "Wewe mdogo. Mfundishe huyu mkubwa."

Yusufu alilijua lile neno. Niliona usoni mwake kwamba alilijua. Akafunga mdomo, akatazama sakafu.

"Wewe basi." Kimya. "Wewe?" Kimya. Mkaguzi alizunguka darasa lote, kumi na mmoja, wadogo kwa wakubwa, na hakuna aliyefungua kinywa, maana nani angejibu mahali Lemali alipokwama, mbele ya mgeni? Heshima niliyojifunza zizini ndiyo iliyokuwa inatuzika. Mkaguzi akafunga daftari lake. Akamgeukia Padre Leo. "Mwaka mzima," akasema, "na hawajui neno."

Padre Leo alikuwa amekuwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Aliyesema ni Lemali.

"Padre, wanajua. Wananinyamazia mimi. Waulize nikiwa nje."

"Kaa chini," mkaguzi akasema. "Sijakupa ruhusa."

Lemali alimtazama mkaguzi, akawatazama wenzake, akatutazama sisi. Kisha akageuka, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake polepole.

Mkaguzi alikasirika, lakini Padre Leo alimsihi, tafadhali, swali moja tu. Akauliza moja. Yusufu akajibu. Akauliza la pili, morani mmoja akajibu, wa rika la Lemali. Basi ikafunguka. Nusu saa nzima yule mtu aliuliza na wao wakajibu, mpaka akasahau kutazama saa. Mwishoni akawapa kesi ya mfereji, kwa sababu Padre Leo alimnong'oneza, na nilimwona anacheka. Darasa halikufungwa. Aliandika majina ya watakaokwenda seminari, saba.

Jina la Lemali lilikuwa limekatwa kwa mstari. Nilimfuata mkaguzi mpaka kwenye gari, nikamwomba, nikamwambia yule ndiye aliyeliokoa darasa. "Anayempa mkaguzi mgongo leo," akasema, "kesho atampa askofu." Akapanda gari, akaondoka. Sikuwa na majani ya kumkatia mtu wa namna ile.

Nilimkuta Lemali nyuma ya darasa, ameegemea ukuta chini ya dirisha. Alikuwa amesikia yote.

"Yusufu amekosea moja," akaniambia. "Lile la kisima. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wengine wamejibu vizuri." Alikuwa anatabasamu kweli, bila kujilazimisha. Halafu akasema, "Lile neno langu nililikumbuka nilipofika mlangoni."

Moyo ulinipasuka. "Sasa mbona hukurudi, mwanangu?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye mwanafunzi. "Ningerudi, Mwalimu, wangenyamaza tena."

Nililia, na sioni haya kuandika. Yeye alingoja nimalize, kisha akaniaga, kwa sababu ng'ombe walikuwa hawajanyweshwa.

Darasa lile liliendelea mpaka nilipostaafu. Yusufu ni padre sasa, na akihubiri huwa anawaacha watu wanong'one kwanza kabla hajawauliza swali, nao wageni wa parokia yake hushangaa. Morani mmoja ni mganga katika hospitali. Wengine mnawajua, na wengine wamewafundisha ninyi. Padre Leo tulimzika pale pale misheni, akiwa ameona vijana wake wengi wakienda. Nashukuru kwa wote, hata kwa yule mkaguzi, kwani aliporudi mwaka wa pili aliuliza mwenyewe habari za kijana mrefu aliyetoka nje, na nilipomwambia amerudi kuchunga alinituma nimpelekee salamu. Lakini mkiniuliza nilijifunza kazi hii kwa nani, sitataja seminari.

Ilikuwa miaka mingi baadaye, vita vimekwisha, niko darasani asubuhi, akaja mtu mzima wa shuka nyekundu na koti la mvua, ameshika mkono wa mtoto. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe pembeni. "Shikamoo, Mwalimu," akasema Lemali. Mtoto akaleta kichwa, nikamgusa.

"Huyu ni wangu," akasema. "Bado ni layoni. Muulize chochote, mbele ya mtu yeyote."

Nikamwambia aingie naye akae. Akakataa, akacheka, akasema atangoja nje, chini ya dirisha, mpaka kipindi kiishe. Basi siku ile nilifundisha kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na watoto wakadhani nimeanza kuwa kiziwi.